Tulivyomtafuta wakili wa talaka Temeke: bei, huduma, na nani ningemrudia

Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama huku Buza, na kwenye ukoo wetu kazi yoyote yenye hesabu ndani yake huniangukia mimi. Kwa hiyo mdogo wangu alipoachwa, wakubwa walishughulika na kikao, shangazi zetu wakashughulika na laana, mimi nikaambiwa tafuta wakili, na uulize bei. Haya hapa ni maoni yangu kuhusu huduma tulizopitia, kuanzia ofisi ya ghorofani Posta hadi meza chini ya mwembe, kwa yeyote mwenye kesi ya ndoa hapa Dar na mfuko wa kawaida.

Kwanza kesi yenyewe, maana huwezi kusema kitu ni ghali kama hujui unanunua nini. Ndoa ya Kiislamu, miaka tisa, watoto wawili: mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana miaka mitano. Nyumba moja Chanika, imeezekwa lakini upande wa nyuma haijapigwa lipu, na mkataba wa mauziano ya kiwanja ulioandikwa serikali ya mtaa una jina la mume peke yake. Mume ana fremu ya vipuri Kariakoo. Mdogo wangu anapika chakula cha mchana na kuwauzia mafundi gereji. Talaka aliletewa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto, pamoja na salamu kwamba nyumba ni ya mwenye jina.

Ofisi ya kwanza ilikuwa Posta. Sitaitaja. Kiyoyozi kizuri, maji ya kunywa, binti wa mapokezi mwenye adabu. Kumwona wakili tu, laki moja. Mazungumzo hayakufika nusu saa, na swali lake la kwanza lilikuwa thamani ya nyumba. Watoto aliwauliza tukiwa tumeshasimama. Bei ya shauri zima: milioni tatu na nusu, VAT juu yake, nusu inatangulia, na nauli na nakala hazimo. Mdogo wangu alipouliza ataanzia wapi, akajibiwa kwa Kiingereza cha vitabuni, kisha akatafsiriwa nusu.

Niwatendee haki. Walitoa risiti ya mashine ya kodi (EFD) bila kuombwa, na kwa mtu mwenye kampuni, viwanja vya Masaki na akaunti za benki za kufukuzana nazo, pengine hela hiyo ni halali yake kabisa. Lakini mimi nilipiga hesabu kwenye daladala. Nyumba ya Chanika ikiuzwa vizuri sana haifiki milioni thelathini. Tukipata theluthi, karibu nusu ya theluthi hiyo ingemezwa na wakili, rufaa na mizunguko, na bado hujamnunulia mtoto sare. Tena katika laki moja ile hakuna aliyetutajia Baraza la Usuluhishi, ambalo ndilo mlango wa kesi yote. Nyota mbili, moja ni ya risiti.

Meza chini ya mwembe ni habari nyingine. Kijana ana kompyuta mpakato, printa, na muhuri ndani ya soksi. Akamwita mdogo wangu "mama angu" kabla hata hajaketi, akasema kwa laki na nusu anaandika "hati kamili ya talaka na mgawo" ambayo mume akiiona tu atatetemeka. Hawa ndio vishoka, watu wanaojifanya mawakili. Kuwajua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: Mahakama ina mfumo wake mtandaoni unaoitwa e-Wakili, unaingiza jina na unaona kama mtu huyo yumo kwenye orodha ya mawakili na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Unahitaji bando tu. Nilimwambia kijana ngoja nikutafute kwenye mfumo, ghafla akakumbuka kuna mteja anamsubiri ng'ambo ya barabara. Sina nyota ya kumpa. Na ukiona wakili wa kweli, mwenye ofisi na kibao, anakunja uso unapomwambia umemtafuta e-Wakili, ondoka na huyo pia. Mganga wa jino hakasiriki ukiuliza kama alisomea.

Tulikofaidika ni Temeke, Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia. Kama hujawahi kufika, ni jengo la Mahakama lililoanza kazi mwaka 2021 mahususi kwa ndoa, talaka, mirathi na watoto, na ngazi za mahakama ziko humo humo: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, hadi Mahakama Kuu. Ukimaliza mlango mmoja, mwingine uko ngazi chache juu. Kwa mtu anayepika wali wa saa saba na kurudi kuosha sufuria, kupunguziwa nauli ya kuzunguka mji ni msaada wa kisheria tosha. Na kwa kuwa kila aliyeko pale ana jambo la familia, hakuna anayekutumbulia macho ukilia kwenye benchi.

Hapo ndipo tulipoonana na watoa msaada wa kisheria. Ziko taasisi nyingi Dar zenye kazi hiyo, TAWLA na WLAC zikiwa zinazojulikana zaidi kwa mambo ya wanawake na watoto, na LHRC kwa haki za binadamu kwa upana. Msaada huu una sheria yake ya mwaka 2017, na hutolewa bure kwa asiye na uwezo. Tuliombwa barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha hali yake, tukaenda nayo. Sitasema tulihudumiwa na taasisi gani, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia.

Ya kusifu ni yule mwanasheria binti. Kabla ya yote aliuliza watoto wanalala wapi na nani analipa ada. Kisha akaichukua ile karatasi ya daftari, akaisoma, akairudisha taratibu, akasema: "Dada, hii itunze, lakini mahakamani hatuanzii hapa."

Nilivyoelewa ni hivi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza litoe cheti kwamba limeshindwa kupatanisha. Bila cheti hicho, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria imeyataja, shauri la talaka halina miguu. Mume kutamka au kuandika talaka hakuondoi hatua hiyo. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba hata ndoa ya Kiislamu inapita barazani kwanza. Kuna watu wamekwenda mahakama hadi mahakama, wamegawiwa mali, halafu juu kabisa kila kitu kikafutwa kwa sababu ya cheti. Na bila mahakama kutoa talaka, au kutenganisha wanandoa, hakuna mahakama ya kugawa nyumba. Wakwe waliokuwa wanasema "mambo yameisha, si kaandika?" walikuwa wanasaidia upande mmoja tu, wajue wasijue.

Basi tukaenda baraza la BAKWATA, mume akaitwa, akaja mara moja akanuna, mwishowe cheti kikatoka. Wenzetu Wakristo wana mabaraza ya makanisa yao, na yapo ya kata. Hatua hii haikumhitaji wakili hata kidogo. Nilimkumbuka yule wa Posta na nusu yake ya kutangulia.

Hatua iliyofuata nayo ilinishangaza: shauri la talaka linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, si lazima kuanzia juu. Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi mawakili walikuwa hawaingii kabisa. Mlango umefunguliwa kidogo miaka ya karibuni, lakini utaratibu wake bado umetengenezwa kwa mtu kujisemea. Ni Kiswahili mwanzo mwisho. Unaeleza, unaulizwa, unaleta mashahidi, mwenzako anakuuliza maswali nawe unamuuliza yake. Binti wa msaada alisema kazi yake ni kumwandaa mdogo wangu ajue aseme nini na aonyeshe nini, kisha atakwenda mwenyewe. Mdogo wangu akagoma. Mtu aliyeshindwa kumwambia mume wake achangie mafuta ya taa, leo asimame mbele ya hakimu?

Maandalizi yake ndiyo huduma bora kuliko zote nilizowahi kuona zikitolewa bure katika mji huu. Alimsomea kifungu cha 114 kwa lugha ya jikoni: mahakama inapogawa mali inatazama mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, inatazama madeni yaliyoingiwa kwa faida ya wote wawili, mahitaji ya watoto wadogo, na desturi za jamii husika. Jina kwenye mkataba si mwisho wa maneno. Akamsimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Nilipomuuliza Bi Hawa alipata kiasi gani, akacheka kidogo: hakupata nyongeza, kwa sababu mahakama iliona mumewe alikuwa ameshampa fedha akazitumia vibaya. Sijui ni wanawake wangapi wameingia kwenye nyumba zao kwa ufunguo wa mama yule ambaye mwenyewe alitoka mikono mitupu.

Kisha akauliza: una ushahidi gani wa mikono yako kwenye nyumba hii? Mdogo wangu akasema hana. Binti akamwambia afungue simu. Zilikuwemo meseji za M-Pesa za kumlipa fundi, za saruji, za mchanga. Akamwuliza bati zilinunuliwaje. Bati! Bati zilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba, milioni moja na laki mbili, umeandikwa kwenye leja kwa mwandiko wangu, na saini ya mume wake kama mdhamini. Leja ile ninayodhihakiwa nayo kila Jumapili kwa kuandika hata shilingi mia tano ya faini ilikwenda mahakamani ikapokelewa kama kielelezo, nami nikaitwa shahidi. Shemeji akaniuliza swali moja tu: kama mimi na mdogo wangu ni ndugu. Nikamjibu ndiyo, na saini hii ya mdhamini je, ni ya ndugu gani? Hakimu akaniambia nijibu tu, nisiulize. Sawa.

Kwa watoto, sheria inaanza na dhana kwamba aliye chini ya miaka saba akae na mama, isipokuwa ikionekana vingine. Mkubwa naye hakimu alitazama anakosoma na anakoishi. Wote wakabaki kwa mama. Hukumu: ndoa imevunjika, asilimia 40 ya thamani ya nyumba kwake, matunzo ya watoto laki na nusu kwa mwezi pamoja na ada. Gharama yetu mpaka hapo ilikuwa ada za mahakama zilizolipwa kwa kontroo namba, nakala, nauli, na chai ya mashahidi ambayo niliigharamia mimi na bado sijarudishiwa.

Sasa lawama. Dawati la msaada wa kisheria lina foleni ya kukatisha tamaa, na faili letu lilibadilishiwa mikono. Binti alipohamishwa, tulimkuta kijana ambaye tulilazimika kumsimulia upya tangu siku ya posa. Kwa mwanamke aliyepigwa au kudhalilishwa, kurudia hadithi mbele ya mtu mpya kila mara ni adhabu, wangeandika vizuri kwenye faili. Pia hawapokei kila kesi, na si kila kesi wanayopokea watakupa wakili wa kusimama nawe. Wasaidizi wa kisheria wale wa mitaani nao wanakuelekeza na kukuandikia, lakini hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Hata hivyo nyota nne na nusu. Kama unachohitaji ni matunzo ya mtoto tu, usianze na wakili wala dawati hilo: nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako. Wapo wababa wanaonyooka kwa wito wa ustawi peke yake.

Shemeji akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, na safari hii alikuja na wakili. Hapo msimamo wangu ukabadilika. Kujisemea kuhusu maisha yako ni jambo moja. Kujibu sababu za rufaa, kwa hoja za maandishi, dhidi ya mtu anayenukuu kesi ukurasa kwa ukurasa, ni fani ya watu. Kama una hela ya wakili ya hatua moja tu, mimi naona ndiyo hii.

Tulimpata kwa mwanachama wa kikoba. Ofisi ndogo juu ya duka la dawa, Tandika, feni moja inayolalamika. Nilimwangalia e-Wakili kabla ya kupanda ngazi: yumo. Aliniambia kitu ambacho hakuna mwingine aliyeniambia: "Dada, siwezi kukutajia bei kabla sijaisoma hukumu. Niachieni, njooni keshokutwa." Hakutudai hela ya kusoma. Keshokutwa akasema hukumu yetu ina nguvu kwenye nyumba na udhaifu kwenye matunzo, kwa sababu hakimu hakueleza kipato cha mume alikipataje, na kwamba tujiandae hapo kukatwa kidogo. Bei: laki nane kwa rufaa nzima, awamu nne, ya kwanza siku ya kusaini. Mkataba kurasa mbili, Kiswahili, umeandika kilichomo (majibu ya rufaa, hoja za maandishi, kuhudhuria hadi hukumu) na kisichomo (rufaa nyingine ya Mahakama Kuu, na kukazia hukumu, yaani kuifanya itekelezwe). Nilipoomba apunguze hadi laki sita akakataa, akasema akishuka hadi bei hiyo atamtuma msaidizi wake badala ya kwenda mwenyewe. Nilimheshimu kwa hilo. Kwenye soko letu ukipunguziwa sana ujue umekatiwa kipande.

Kuna wakili mwingine, mtaa wa pili, alisema hataki hela kabisa, atachukua asilimia ya nyumba ikishauzwa. Mdogo wangu macho yalimng'aa. Nikamtoa nje. Mtu anayelipwa nyumba ikiuzwa atataka iuzwe, hata kama wewe na mwenzako mngeweza kukubaliana mmoja amnunue mwingine na watoto wakabaki na paa lao.

Kazi ya huyu wa Tandika ilikuwa safi. Hoja zake ziliwasilishwa ndani ya muda, na alikuja mwenyewe kila tarehe. Udhaifu wake ni mawasiliano: ujumbe unatuma asubuhi, jibu linakuja usiku wa manane kwa sauti, dakika nzima, nusu yake anaongea na boda. Tarehe moja iliahirishwa yeye anajua, sisi tumeshafunga biashara na kufika. Rufaa ilikwenda kama alivyotabiri: asilimia 40 zimebaki, matunzo yameshushwa hadi laki na ishirini.

Kukazia hukumu ametutajia laki tatu. Bado hatujamlipa, kwa sababu shemeji ameanza kuongea vizuri na kuna mazungumzo ya yeye kununua sehemu ya mdogo wangu kwa mafungu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kwa maandishi atakayoyapitia wakili kabla ya kupelekwa mahakamani. Kupitia maandishi hayo ni elfu hamsini. Hiyo tutalipa bila kubishana.

Kama nawe unatafuta wakili, watu wa aina yake wapo wengi Temeke, Mbagala, Kinondoni, juu ya maduka ya dawa na ya simu. Nenda na hukumu au cheti chako cha baraza mkononi, uliza kilichomo na kisichomo kabla ya kuuliza bei, omba awamu, na usitoe hata elfu kumi bila karatasi. Akikuharibia, Kamati ya Mawakili ipo kwa malalamiko hayo. Mimi huyu wa Tandika nampa nyota nne. Ya tano nimeishikilia hadi aniletee risiti ya awamu ya mwisho, ambayo kila nikimkumbusha anasema mashine ya EFD haina mtandao.